Kadi Iliyonyongwa na Nywele

Wifi yangu alinisingizia mbele ya wateja wake kwamba niliimwagia kompyuta ya saluni maji ya deki, akanifukuza kazi ya usafi. Kioo cha kompyuta hiyo, cha kuwaonyeshea wateja mitindo, kilikuwa kimejaa michirizi ya rangi. Fundi akabadilisha kioo, michirizi ikabaki palepale.

Mimi sikusoma, lakini masikio ninayo. Kila nilipopiga deki nilisikia feni mbili zikivuma ndani ya kompyuta. Siku ya michirizi ilivuma moja tu. Fundi aliwahi kuniambia feni ya pili ni ya kadi ya picha, kile kibao cha ndani kinachopeleka picha kwenye kioo. Fundi alipokuja tena, nami nikaenda.

"Umekuja kuimalizia?" wifi akanikejeli.

"Nimekuja kumtafuta aliyeiua, wifi. Fundi, kaka yangu, hebu chomoa kadi ya picha, waya wa kioo uuchomeke kwenye kompyuta yenyewe."

Fundi alicheka, lakini akafanya. Picha ikatokea safi kama uso ulionawishwa. Akaigeuza kadi, na feni yake ilikuwa imekabwa na nywele za bandia, zile nyekundu anazosuka wifi mwenyewe kando ya kompyuta. Maji hayakuonekana hata tone.

"Haya wifi, maji yako wapi?"

Mteja aliyesukwa nusu kichwa akapiga vigelegele.

Kazi nimerudishiwa. Msamaha aliniomba stoo, kwa kunong'ona. Lakini kunisingizia alinisingizia kwa sauti. Wifi bado ana deni langu: aniombe radhi kwa sauti ileile, mbele ya viti vilevile.