Rangi za Gamba la Chaza

Miaka ya Hali ya Hatari kijiji chetu, ng'ambo ya mto Mugutha, kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha, na lango lilikuwa moja tu. Niliishi humo na mama mkwe wangu, niliyemwita maitu. Mume wangu alikuwa kizuizini, mbali huko pwani.

Siku moja mtu aliyeachiliwa kutoka kambi yake alituletea kipande cha gamba la chaza. "Amesema mkiangalie kwenye mwanga," akatuambia, akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo waya wa lango ulikatwa, nasi sote tukaadhibiwa: hakuna kutoka nyumbani, hata kuchota maji. Nyumba haikuwa na dirisha. Moshi ulitukaba koo. Mwanga uliingia kupitia ufa mmoja ukutani, na hapo ndipo tulipokuwa tukiligeuza lile gamba. Likawa kijani, likawa la waridi, kisha zambarau iliyokimbia kila nilipoinamisha mkono.

"Wamelipaka," maitu akasema.

"Maitu, rangi ya duka haitembei hivi."

Akachukua kisu akaanza kukwangua. Nilitaka kumzuia, lakini mikono yake ilikuwa imezoea jembe, na kwa kuwa shamba lilikuwa nje, ilihitaji kitu cha kufanya. Unga ukaanguka kwenye leso yake, mweupe kama chokaa. Akausogeza kwenye mwanga. Mweupe tu. Akapalowesha kwa mate pale alipokwangua, akapatazama. Rangi zilikuwepo bado.

"Ngai! Sasa zinakaa wapi?" maitu akauliza.

Mtungi ulikuwa mkavu, na mimi niliwaza maji tu.

Mume wangu aliporudi alitueleza alivyosikia kwa mwalimu aliyefungwa naye. Chaza hujijengea gamba kwa kitu kama chokaa, tabaka juu ya tabaka, nyembamba hata jicho haliwezi kuzitenganisha. Mwanga hurudi kutoka kila tabaka, na miale hiyo inapokutana ndipo rangi hutokea. Ndani ya gamba lenyewe hamna rangi.

"Na bahari ikoje?" nikamuuliza.

"Niliiona kupitia waya."

Kesho yake alitaka kwenda Thika kutafuta kazi kiwandani. Homugadi, mlinzi wa serikali, akamrudisha langoni, kwani hakuwa na kibali. Mume wangu akarudi nyumbani akaketi, mgongo ukutani. Maitu akamwekea uji, naye akauacha mpaka ukashika utando. Filimbi ya kafyu ikalia, nikainuka nikafunga mlango.