Miguu ya Naibu Wangu

Mume wangu alipokufa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ndugu zake walikuja nyumbani wakaniambia nichague mmoja wao anirithi. Sisi Wajaluo tunaita tero. Nikawaambia nimeshachagua: nalala peke yangu. Walienda wakitema mate, wakisema nihame boma lao. Mimi nikabaki na watoto wangu na biashara ya omena, dagaa wa ziwa letu, nikizinunua Karungu na kuziuza sokoni Migori.

Kanisani kwetu, upande wa Rodi Kopany, mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa akina mama. Sikuchaguliwa kwa kusoma. Darasa la tatu ndilo niliishia. Nilichaguliwa kwa sababu mama akijifungua, maji yake nateka mimi, na mgonjwa akichafua shuka, nafua mimi. Naibu wangu alikuwa amesoma, na mimi mwenyewe ndiye nilimpendekeza. Alipougua malaria akiwa na mimba, nilimlisha uji kwa kijiko.

Huyo ndiye akaanza kunisema nyumba kwa nyumba. "Mjane asiyerithiwa anabeba chira. Atoke kwa uongozi kabla hatujazika watoto." Chira ni ile laana ya kuvunja mila, inakukondesha mpaka unaisha. Kanisani anaimba kuliko wote, lakini chira anaiogopa kuliko Mungu!

Sasa, sisi Wasabato, kabla ya kula mkate wa Meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Wanawake wanakaa kando, wawili wawili: unaniosha, nakuosha. Kwetu, ambaye hajaoshwa hakaribii meza.

Siku hiyo naibu wangu alipanga nikose mwenzi, ili kila mtu aone sifai. Nikimimina maji kwa mabeseni, namwona akivuta huyu mkono, akimsukuma kwa yule. "Wewe na huyu. Wewe na mama mkwe wako. Haraka!" Alipanga, akapanga, mpaka akina mama wakaisha. Kugeuka, tumebaki mimi na yeye.

Mama mmoja mzee alicheka mpaka taulo ikamponyoka. "Yawa! Mpishi amegawa chakula akasahau sahani yake!"

Nikachukua beseni, nikapiga magoti mbele yake. Akarudisha miguu chini ya benchi.

"Dada, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndiko ulinisema. Leta mguu."

"Lakini unajua mila."

"Mila niliijua kabla hujazaliwa. Leta mguu."

Akaleta. Nikamwosha kama naosha mtoto, katikati ya vidole, na kisigino ambako udongo mweusi ulikuwa umeganda. Sikulia. Sikumwomba msamaha, maana sikuwa na kosa. Nikampangusa, nikakaa kwa benchi, nikanyoosha yangu.

Aliangalia maji, akaangalia miguu yangu. Kisha akavaa viatu, akatoka nje.

Mzee wa kanisa alinisimamisha mlangoni. "Mama, umeoshwa?"

"Hapana. Nimeosha."

"Sasa itakuwaje?"

"Sasa naenda mezani. Anayenizuia asimame, aseme kwa nini, na aseme kwa sauti."

Nikawaangalia waliokaa ndani, mmoja mmoja. Wote wakaangalia sakafu. Nikala mkate na vumbi langu miguuni, na sijawahi kusikia utamu wake kama siku hiyo.

Baadaye akina mama wakanijia. "Mtoe huyo nyoka!" Nikakataa. Msidhani ni upole. Mashemeji walitaka kunifukuza, na yeye alitaka kunifukuza. Mimi sitakuwa wa tatu katika kazi hiyo. Kiongozi anayefukuza kila aliyemchoma mwishowe anaongoza kuku wake peke yao.

Nilienda kwake mchana, nikamwambia usoni: "Unaibu wako unabaki. Kuna mama amejifungua jana, na wewe unakuja na mimi kumtekea maji. Ukiniogopa, niogope ukiwa kazini."

Alichukua debe lake, akatangulia mtoni. Nikamfuata, lakini sikumbembeleza.