Futari ya Mtu Asiyefunga

Ukipita njia ya Munje baada ya sala ya alasiri, pua ndiyo iliyokuonyesha nyumba. Kwanza ilikuja harufu ya viazi vitamu vikitokota kwa nazi, nawe ukajua uko kwa imamu. Mbele kidogo ikaja iliki na mafuta ya moto, nawe umefika kwa Bi Mejumaa, mjane aliyechoma vitumbua vya kuuza na vya kugawa, na vya kugawa ndivyo vilivyokuwa vingi. Nilikuwa na miaka tisa, Uhuru ungali mpya, nami niliipita njia hiyo kila siku nimeshikana mkono na baba, kwa amri ya daktari.

Baba alikuwa fundi cherehani pale Msambweni. Uhuru ulipokuja kila mzazi alitaka mtoto wake asome, na kila shule ilitaka sare, basi baba akawa hainuki kitini tangu asubuhi hadi jua kuzama, akishona kaptula za kaki na marinda ya buluu. Mama alimletea mahamri na chai ya vijiko vinne vya sukari palepale penye mashine, kwa kuwa kwetu kitambi cha mume kilikuwa sifa ya mke. Kisha ikaja kiu isiyokatika, na kidonda kidogo cha kidole cha mguu kilichochukua miezi mitatu kupona. Daktari wa zahanati akamwambia ni ugonjwa wa sukari. Hakumhubiria sana. Aache sukari na vya kukaanga, wali na muhogo ale kidogo, samaki na mboga za majani ale zaidi, na kila siku atembee saa nzima. Kidonda cha pili, alisema, huenda kikamtoa mguu.

Baba alirudi akatuapisha mimi na mama tusimwambie mtu. Siku zile kidonda kisichopona kilikuwa na maelezo yake tayari, na hayakutoka hospitalini. Fundi anayesemwa amerogwa, nani atampelekea kitambaa? Kanga ya mama yenyewe ilisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliivaa kiunoni, na siri akaitunza. Shida nyingine ilikuwa matembezi yenyewe. Mtu mzima kutembea bila pa kwenda, kisha akageuka akarudi, ni jambo ambalo watu wangelijadili mwezi mzima. Ndiyo maana mama aliniambia nimshike mkono: mwanamume mwenye mtoto, alisema, huonekana ana safari.

Lakini daktari hakuwa mtu wa kwetu, na kuna jambo hakulijua. Kwetu mtu hapiti mlangoni mwa mwenziwe wakati chakula kiko motoni. Tuliitwa kila nyumba, na kukataa sahani ya mtu ni kumtukana. Tulipofika mwisho wa njia baba alikuwa amekula mara tano, na kurudi tuliitwa tena na waliotukosa kwanza. Kila jioni mama aliniuliza alichokula, nami nikamhesabia: viazi, vitumbua, uji wa sukari, kaimati. Siku moja alikaa chini kwenye kizingiti akajifunika uso kwa ile kanga, nami nikaelewa kwamba mguu uliokuwa ukizungumzwa ni huu wa baba, unaokanyaga cherehani.

Kesho yake kwa imamu, sahani ilipoletwa, nilitangulia kusema, "Baba amefunga." Baba alinitazama, akanyamaza. Likawa jepesi ajabu. Siku iliyofuata nikasema tena, na wiki nzima tukatembea bila kuonja kitu. Watu wakaanza kumwamkia baba kwa heshima mpya. Bi Mejumaa alimtania kwamba ataingia peponi na cherehani yake. Nilijiona mwerevu. Nilisahau kwamba njia ya mwongo ni fupi, na nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa chuo cha Kurani hulijua: anayemfuturisha mfungaji hupata thawabu kama yake.

Alhamisi hiyo Bi Mejumaa alitukamata mlangoni adhana ya magharibi ikikaribia. Ndani, mkekani, alikuwa amepanga tende, uji mtamu, muhogo wa nazi na mlima wa vitumbua. Imamu alikuwepo, na majirani sita au saba, wote wamekuja kushiriki thawabu. Adhana ikalia. Bi Mejumaa akamwekea baba tende mkononi. Baba akairudisha tende sahanini.

"Nisameheni," alisema. "Sikufunga leo, wala jana. Nina ugonjwa wa sukari, na vyakula hivi vitanikatisha mguu. Mtoto alisema uongo nami nikanyamaza, kwa hiyo uongo ni wangu."

Imamu aliinamisha kichwa. Bi Mejumaa alimgeukia baba, nami nikadhani atatufukuza.

"Marehemu wangu mguu wake uliozea humu," alisema, "nasi tukaranda kutafuta aliyemroga. Na wewe, fundi, ulitaka nikuue kwa vitumbua kisha nije nikulilie matangani?"

Akaiondoa sinia ya vitumbua mbele ya baba kwa ukali, kama mtu amnyang'anyaye mtoto kisu. Akauliza anachoruhusiwa, akaingia jikoni, akatoka na samaki changu wa kuchoma na bakuli la mchunga, mboga chungu tuliyokuwa tukiila kwa haya kama chakula cha siku za shida. Baba alikula yote. Hakuwahi kusifu chakula namna ile.

Wateja wachache walihamisha vitambaa vyao, hilo sitalificha. Wengi walibaki. Njia nzima ikajua, na tangu hapo kila mlango ulitupa maji baridi ya mtungini. Imamu, ambaye naye kitambi kilikuwa kimemtangulia, akaanza kutembea pamoja nasi. Baba alizikwa na miguu yake yote miwili, mzee wa mvi, nami kwa hilo sitaacha kushukuru.

Nimehama miji mingi tangu hapo, na kila nirudipo naikuta pwani imebadilika. Diani watu hukimbia barabarani asubuhi kwa viatu maalumu, na wagonjwa wa sukari wamekuwa wengi kuliko mafundi. Juzi nilialikwa harusini Bongwe. Chai iliandaliwa kwa chupa mbili, moja haikutiwa sukari, na msichana aliyetumikia akaniuliza, "Shangazi, nikumiminie yenye sukari au kavu?" Aliuliza kama anayeuliza jina. Nusu ya wanawake wa mkeka wangu walisogeza vikombe kwenye chai kavu, wakaendelea na mazungumzo yao ya bwana harusi.