Aliyewaonjesha Maguu Usipa

Watu wa Maguu, kule juu kwenye kahawa, zamani hawakutaka hata kuwanusa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Flavia ndiye aliyewabadilisha. Kijiji chake cha ujamaa, jirani na Lituhi, kilipofungua duka la samaki huko Maguu, yeye na rafiki yake Gertruda walipanda milima na vikapu kichwani, wakaingia jiko kwa jiko. Flavia aliwakaanga usipa mbele ya wenyeji, akawaonjesha watoto kwanza, akitania na kucheka mpaka mama zao nao wakanyoosha mikono. Wengi walikula, wakashukuru, wasinunue.

"Watakuja tu," alisema Flavia.

Masika mvua iliwanyeshea njiani. Flavia akashikwa na kichomi, na kabla hawajafika zahanati akafia mikononi mwa Gertruda.

Baada ya mavuno ya kahawa, meneja wa duka, Bwana Urban, alileta gari lenye kipaza sauti. Lilizunguka Maguu likitangaza samaki, na duka likafurika watu. Urban akamuuliza kila mnunuzi kilichomleta.

"Tumesikia gari," walijibu, wala hawakusema uongo.

Kwenye mkutano wa kijiji cha Flavia gari likapigiwa makofi, na dereva wake pia. Gertruda akasimama.

"Na Flavia je?"

"Mama, marehemu tunamwombea," Urban alisema kwa upole. "Lakini wanunuzi wameletwa na gari. Wamesema wenyewe."

"Gari limewaambia samaki wamefika. Nani aliwafanya wawatamani?"

Watu wakainamisha vichwa. Mwenyekiti akakohoa, akahamia habari za shamba la mihogo. Kabla ya kufunga mkutano akatangaza kwamba kazi ya kutembeza vikapu imekwisha.

Gertruda akapitia kwa Mama Hildegardi, mzazi wa Flavia, ambaye miguu ilimvimba asiweze kwenda mkutanoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Walimtaja?"

Gertruda akaketi mkekani, akaipakata miguu ya mzee, akaanza kuikanda.

"Walimtaja, mama. Wa kwanza kabisa."

"Walisemaje?"

Ikabidi atunge. Alisema mwenyekiti mwenyewe alisimama, akalitamka jina lote, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama Hildegardi alisikiliza akiwa amefumba macho, machozi yakimtiririka. Kisha akamwomba asimulie tena, polepole, tangu mwanzo.