Waya wa Redio ya Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini ya kushika bisibisi pale Ufukoni, Thabiti alifufua redio nyingi kuliko zilizomshinda. Lakini kazi ambayo hadi leo ikimjia akilini huinamisha kichwa hata akiwa peke yake ni ile ya Idi pili, mwaka 2003, Mikindani, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Mastura.

Shemeji yake Asadi alikuwa amevuka mpaka wa Kilambo wiki mbili kabla, akitokea Msumbiji na mashine ya gemu, akaiweka pale sebuleni isubiri Idi. Siku hiyo, sebule imejaa wageni, mashine ikagoma kuwaka.

"Shemeji, wewe ni wa redio za mbao," Asadi akamchokoza. "Hii utaiweza?"

"Kaa kando. Ikiwaka utanibusu mkono."

Wageni wakacheka. Thabiti alijua kwamba kitu kisipowaka, cha kwanza kupimwa ni waya. Lakini kupima waya ni kazi ndogo, na macho yalikuwa mengi. Akafungua mashine, akapima fyuzi, ikawa nzima. Akapuliza vumbi. Jasho likamtoka. Ndipo akatafuta pa kuutupa mzigo wa lawama.

"Imelowa," akasema. "Humu ndani deki inapigwa kwa maji mengi mno."

Deki ya nyumba ile hupigwa na mtu mmoja tu. Bi Mastura alikuwa nyuma ya pazia, maana hakuwa na desturi ya kukaa chumba kimoja na mkwewe wala kusemeshana naye ana kwa ana. Redio yake iliyokuwa ikiimba kule ndani ikanyamaza.

Warda, mke wa Thabiti, akatoka akiwa ameshika waya.

"Baba Yusufu, mama anasema deki ni yeye, umsamehe. Na anasema redio ameizima, kama huu waya utakufaa."

Thabiti aliupokea, na masikio yakamwaka moto. Wiki moja kabla aliletewa redio ile pale pale sebuleni, akakuta waya wake umekatikia ndani. Kwa uvivu alichomoa wa mashine ya gemu, akauweka kwenye redio, na ule mbovu akaupachika kwenye gemu. Nitarudi kesho na mpya, alijiambia. Kisha akasahau. Bi Mastura aliiombea baraka mikono yake ya ufundi, akamsifu hadi kisimani. Kumbe pazia lile lina upenyo, na siku ile Bi Mastura aliona yote, akamsitiri tu.

Akachomeka. Taa ya kijani ikawaka, sebule ikalipuka.

"Fundi bwana!" Asadi akamshika mkono, akaubusu kweli.

Thabiti akauvuta kama aliyeungua. Kumsemesha mkwe hakuweza. Basi akamtazama Asadi, akapaza sauti ifike nyuma ya pazia.

"Shemeji, nakwambia wewe. Haikuwa maji. Waya mbovu niliuweka mimi, kwa mkono wangu. Na redio sikuitengeneza, niliiibia gemu yako waya. Aliyepiga deki hana kosa."

Kicheko kikakatika.

Warda akaitwa nyuma ya pazia, akarudi na sahani ya pilau.

"Mama anasema mkwe wake ale kabla chakula hakijapoa."

Alikula. Kila tonge lilishuka taratibu, na hakuinua uso mpaka sahani ikawa tupu.