Skrini Niliyoichapisha Ofisini kwa Sekretari

Jumanne, saa nane mchana, mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba skrini za OLED, zile zinazotoa mwanga zenyewe zikipata umeme, zinaweza kuchapishwa kwa printa ya wino, tena kwa bei nafuu. Nikajua nimepata mradi wa mashindano ya sayansi. Saa kumi, sekretari wa shule alipotoka, niliingia ofisini kwake, nikachapisha rangi kwenye plastiki kwa printa yake, nikaiunganisha na betri, nikangoja iwake.

“Mwende, nini hiyo?” Mwalimu na sekretari walikuwa mlangoni.

“Skrini, mwalimu.”

Sekretari alicheka mpaka akashika meza. “Wino wangu nilioununua mjini Wote ndio uwake?”

“Wino wa skrini ni mwingine,” mwalimu akasema. “Si ungeuliza?”

Kilichowaka ni masikio yangu.

Asubuhi yake, mimi nisiyeongea darasani, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. “Mwalimu, huo wino mwingine unatengenezwaje?”