Wimbo wa Pasaka wa Mwalimu Adelard

Kanda ile Adelard aliikuta kwenye mfuko wa koti la mtumba, mwaka wa tisini na nane. Laiti angeitupa palepale, leo angekuwa bado anaitwa Mwalimu.

Alikuwa mtu wa Masasi, seremala wa Ukonga, na kwa miaka kumi na minne aliifundisha kwaya ya kigango bila kupewa hata soda. Kanda ilianza kwa fidla nyingi na waimbaji wa sauti nne, wakipanda taratibu; kisha magitaa yakanguruma na ngoma zikaanguka kama magunia ya mawe. Mwingine angezima redio. Adelard aliweka randa chini. Ndani ya ngurumo ile alisikia besi ikitembea kwa adabu, vilevile alivyofundishwa na mapadri utotoni. Aliupenda muziki ule mpaka akaona haya.

Wiki sita alirudisha nyuma na kusikiliza, akiandika do-re-mi za sauti zote nne kwenye daftari, akatia maneno ya Ufufuko. Siku ya Pasaka kwaya ikaimba, wazee wakalia, paroko akauliza nani katunga.

Hapo ujinga ukamponza. Badala ya kunyamaza, alibeba redio mazoezini, akitaka nao wakipende anachokipenda. Gitaa la kwanza tu, Rosalia wa soprano akapiga ishara ya msalaba.

"Mwalimu, kumbe umetuimbisha mashetani?" akauliza Fransis, mwenyekiti wa kwaya.

Kamati ikamwambia aiharibu kanda mbele yao, yaishe. Aliuvuta utepe wote kwa mkono wake na kuutia kiberiti, mkewe Auleria akiwa amesimama na waimbaji wenzake. Hayakuisha. Walimshukuru, wakabaki na daftari, na kwaya akapewa Marselino wa sauti ya tenor.

Pasaka iliyofuata Adelard aliketi benchi la nyuma. Wakaimba wimbo uleule. Kwenye karatasi iliandikwa: Mtunzi, Marselino.

"Si mlisema wa mashetani?" alimuuliza Auleria nyumbani.

"Watu wanaupenda, Baba Yuliana. Sie tungefanyaje?"

Hajawasamehe, na hafichi. Besi wanaikosea kila mara, naye huuma meno tu. Lakini kanda ni majivu, na muziki ule hawezi tena kuusikia popote ila kwa watu waliomfukuza. Kwa hiyo wakiuimba misa ya kwanza, Adelard habanduki benchini. Hungoja na ya pili.